Mtandao wa hewani shuleni: Ufunguo umeshikwa na nani?

SERIKALI iliyoingia madarakani mwaka 2022 iliwaahidi Wakenya mambo mawili makubwa kuhusu mawasiliano. Kwanza, kwamba itatandaza kilomita 100,000 za nyaya za faiba. Pili, kwamba itaweka vituo 25,000 vya Wi-Fi ya umma kote nchini, ili kijana wa sokoni na mwanafunzi wa kijijini waweze kuingia katika intaneti bila kulipa. Sina ugomvi na ahadi hiyo. Nchi iliyofikiwa na nyaya za faiba za chini ya bahari pale Mombasa mwaka 2009 haina udhuru wa kuziacha shule zake zikitegemea simu ya mwalimu mkuu. Ninalotaka kulijadili leo ni sehemu ya mwisho ya safari hiyo, yaani zile kilomita 5, 10 au 30 kutoka mahali waya unapokomea hadi darasani, ambazo hapana mwekezaji atakayezichimbia mtaro kwa ajili ya shule yenye wanafunzi 200. Sehemu hiyo aghalabu itapita hewani. Na hewa, kinyume na waya, haina mwenyewe wala haina ukuta.

Nimekuwa nikifuatilia matangazo ya wale wanaotaka kuziunganisha shule zetu. Yote husifu umbali na kasi. Mnara mmoja, tunaambiwa, utafika kilomita kadha wa kadha. Kila darasa litapata megabiti kadha wa kadha. Machache mno hutaja kelele za mawimbi, na machache zaidi hutaja kufuli. Rai yangu ni kwamba suala la umbali lilikwisha kutatuliwa kitambo na watu wasiokuwa na fedha nyingi. Shule zetu zitafaulu au zitakwama kwa hayo mawili yasiyotajwa, ambayo hayaji ndani ya sanduku la mitambo bali humtegemea mtu anayejua.

Tuanze na umbali, maana ndio unaowaduwaza wengi. Mwaka 2006 mhandisi Ermanno Pietrosemoli wa nchini Venezuela aliziunganisha tarakilishi mbili kwa Wi-Fi ya kawaida, ile ile inayouzwa madukani kwa matumizi ya nyumbani, kwa umbali wa kilomita 279. Mwaka uliofuata alifika kilomita 382, umbali usiopungua sana ule wa kutoka Nairobi hadi Mombasa kwa ndege. Hakutumia uchawi. Alipanda kilele cha Pico del Águila katika milima ya Andes, zaidi ya mita 4,000 juu ya usawa wa bahari, akaelekeza antena yake kwenye mlima mwingine ulioonekana bila kizuizi, na wenzake wakabadilisha kidogo programu iliyomo ndani ya ruta. Mabadiliko hayo yanafaa kuelezwa darasani. Katika Wi-Fi, kila kifurushi cha habari kikifika, mpokeaji hurudisha jibu fupi la kusema kwamba amekipata. Lisipofika haraka, mtumaji hudhani kifurushi kimepotea na kutuma tena. Wimbi la redio huenda kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hivyo kilomita 382 huchukua zaidi kidogo ya milisekunde moja kwenda peke yake. Kwetu sisi huo ni muda mfupi kuliko kupepesa jicho, lakini kwa ruta iliyotengenezewa sebule ni kama milele. Ilibidi ruta ifundishwe kusubiri.

Ujuzi huo haukubaki milimani. Katika jimbo la Tamil Nadu, kusini mwa India, hospitali ya macho ya Aravind iliyoko mjini Theni ilishirikiana na watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kuunganisha vituo vya vijijini kwa Wi-Fi ya masafa marefu. Mgonjwa hupimwa na mhudumu kijijini mwake, kisha daktari aliye mjini humwona na kuzungumza naye kwa video, na ni yule tu anayehitaji upasuaji au uchunguzi wa ndani anayepanda basi. Watafiti hao walipokaa na mitambo hiyo kwa miaka kadhaa waligundua jambo ambalo kila mwalimu wa mashambani angewaambia bila utafiti: chanzo kikubwa cha hitilafu hakikuwa mawimbi, bali umeme. Umeme ulizidi, ukapungua, ukakatika na kurudi kwa kishindo, ukaunguza vifaa. Mwenye kununua mtambo wa shule na asinunue kidhibiti cha umeme na betri nzuri amenunua pambo.

Hata hapa kwetu hatuanzii sufuri. Mwaka 2013 mradi wa Mawingu, ulioungwa mkono na Microsoft, ulianza kupeleka intaneti katika shule na zahanati za Laikipia, karibu na Nanyuki, kwa kutumia nafasi zisizotumiwa katika masafa ya televisheni. Puto za kampuni ya Loon zilizozinduliwa rasmi nchini Julai 2020 hazikudumu hata mwaka mmoja. Wenyewe walitangaza kuufunga mradi Januari 2021. Setilaiti za Starlink zilianza kutoa huduma Kenya mwaka 2023, nazo zina nafasi yake mahali ambapo hapana mlima wala mnara. Njia ni nyingi, na zote zinapita hewani.

Sasa tuje kwenye kelele. Wi-Fi hutumia kwa wingi mkanda wa masafa wa gigahezi 2.4. Katika nchi nyingi, Kenya ikiwa mojawapo, mtu haombi leseni ya masafa ili awashe kifaa chenye nguvu ndogo katika mkanda huo, ingawa mwenye kuuzia umma huduma ni lazima apate leseni kutoka kwa Mamlaka ya Mawasiliano. Uhuru huo una asili ya kuchekesha. Marekani ilipoifungua mikanda ya namna hiyo kwa umma mwaka 1985, ilihesabiwa kuwa masafa ya takataka, kwa sababu tayari ilikuwa imejaa joko za maikrowevu na mitambo ya viwanda na hospitali. Hakuna kampuni kubwa iliyoitamani. Kwenye jaa hilo ndiko ilikochipuka Wi-Fi.

Lakini palipo bure pana msongamano. Mkanda wa gigahezi 2.4 umegawanywa katika chaneli 13, na kwa kuwa kila chaneli ni pana kuliko nafasi iliyopo baina yake na jirani yake, kwa kawaida ni tatu tu, ile ya 1, ya 6 na ya 11, zinazoweza kutumiwa mahali pamoja bila kukanyagana. Hebu fikiria jumba la ghorofa pale Githurai au Likoni lenye ruta 20. Yanayotokea humo ndiyo yanayotokea katika darasa ambalo kila mwanafunzi anasema kwa sauti kubwa na hakuna anayemsikia mwenzake.

Mashambani tatizo hugeuka sura. Wi-Fi ina adabu yake: kabla ya kusema, kila kifaa husikiliza kama kuna mwingine anayesema. Sasa tuseme mnara umesimama juu ya kilima, shule moja iko kilomita 15 upande wa mashariki na nyingine kilomita 15 upande wa magharibi. Mnara unazisikia zote mbili, lakini zenyewe hazisikiani. Kila moja husikiliza, ikaona kimya, ikasema; sauti mbili zikagongana mnarani na hakuna iliyoeleweka. Shule zote mbili zitalalamika kwamba kampuni imewapunja kasi, ilhali dawa yake ni kupanga zamu za kusema, na programu za kufanya hivyo zipo.

Kisha kuna miti. Wimbi la redio halisafiri kama uzi ulionyoshwa. Linahitaji nafasi iliyotuna katikati kama mpira wa raga, ambayo wanafizikia huiita eneo la Fresnel, kwa jina la Mfaransa aliyechunguza mwanga katika karne ya 19. Kwa kiungo cha kilomita 10 katika gigahezi 2.4, nafasi hiyo katikati ya safari ina nusu kipenyo cha takriban mita 17, na inafaa angaa sehemu sita kwa kumi zake ziwe wazi. Fundi aliyesimama juu ya mlingoti akauona mnara wa pili kwa darubini, akashuka akisema kazi imekwisha, hajamaliza kazi. Majani mabichi yamejaa maji, na maji hulimeza wimbi. Mikaratusi iliyopandwa mwaka ule mlingoti unaposimamishwa itaukata mtandao baada ya miaka michache, na mwenye shamba wala hatajua kosa lake.

Si kelele zote zisizo na nia. Mnamo Oktoba 2014 Tume ya Mawasiliano ya Marekani iliifikia kampuni ya hoteli ya Marriott, ikalipa dola 600,000. Katika hoteli yake moja mjini Nashville, mitambo ilikuwa ikituma ishara za kuzivunja Wi-Fi ambazo wageni walijiwekea wenyewe kwa simu zao, ilhali hoteli iliwatoza waliofanya maonyesho humo kati ya dola 250 na 1,000 kwa kila kifaa ili watumie mtandao wake. Na mwaka 2009, katika mji wa San Juan huko Puerto Rico, mitambo ya intaneti ya masafa marefu iliyotumia mkanda wa gigahezi 5 ilikuwa ikiharibu rada ya hali ya hewa inayowaonya marubani kuhusu pepo kali karibu na uwanja wa ndege. Wenye mitambo hawakukusudia ubaya. Walitaka tu wateja wao wapate picha nzuri za video.

Wanaodhani kwamba mambo haya yalizaliwa pamoja na intaneti wamekosea kwa karne nzima. Mapema mwaka 1903 Guglielmo Marconi, Mwitaliano aliyeendesha biashara ya simu ya upepo nchini Uingereza, alijigamba kwamba angeweza kuirekebisha mitambo yake hata chombo kingine kisichokuwa na marekebisho yale yale kisiweze kuunasa ujumbe wake. Mnamo Juni 4 mwaka huo mwanasayansi John Ambrose Fleming alikuwa akiwahutubia wasomi katika Royal Institution jijini London, naye Marconi alikuwa Poldhu, Cornwall, zaidi ya kilomita 300 upande wa magharibi, tayari kutuma ujumbe wa kuthibitisha maajabu hayo. Kabla ya wakati wake kuwadia, chombo kilichokuwa ukumbini kilianza kugonga. Kiliandika neno moja, panya, kikalirudia tena na tena; kisha yakafuata mashairi ya kejeli kuhusu kijana mmoja kutoka Italia aliyeulaghai umma.

Mtumaji alikuwa Nevil Maskelyne, bingwa wa mazingaombwe, ambaye alikuwa ametega mtambo mdogo katika jumba la maonyesho la babake, si mbali na hapo. Alikuwa ameajiriwa na Eastern Telegraph Company, wenye nyaya za chini ya bahari walioiona riziki yao ikitishwa na Marconi. (Pwani yetu haikuwa mbali na ugomvi huo: kampuni dada ya hiyo ndiyo iliyoufikisha waya Zanzibar kutoka Aden mwaka 1879.) Fleming aliwaka, akaandika katika gazeti la The Times akiuita mchezo huo uhuni dhidi ya sayansi. Maskelyne hakujificha. Alijitokeza katika gazeti hilo hilo akasema kwamba nia yake ilikuwa kuudhihirishia umma tundu ambalo mwenye mtambo alikuwa akilifunika kwa maneno.

Siku hiyo umbali, kelele na usalama vilikutana katika ukumbi mmoja, na hoja ya Maskelyne haijachakaa. Kuyachagua masafa si kuufunga mlango. Kila ninapomsikia mtu akisema kwamba mtandao wa shule yake ni salama kwa sababu uko mbali na barabara, au kwa sababu jina lake limefichwa, humsikia Marconi wa mwaka 1903.

Kufuli la kweli la hewani ni kuufumba ujumbe wenyewe, ili atakayeunasa aambulie mchanganyiko wa herufi usio na maana. Na hapo wahenga walitutangulia: fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Kufuli la kwanza la Wi-Fi, lililoitwa WEP, lilikuwa na ufa ambao wataalamu Fluhrer, Mantin na Shamir waliuanika hadharani mwaka 2001. Miaka minne baadaye duka moja la kampuni ya TJX nchini Marekani lilikuwa bado likilitumia. Wezi walikaa nje, wakasikiliza, wakaingia, na kutoka duka hilo wakapenya hadi kwenye tarakilishi kuu za kampuni. Wizi huo ulipotangazwa mwaka 2007 ilibainika kwamba nambari zisizopungua milioni 45 za kadi za benki zilikuwa zimechukuliwa. Kiongozi wao, Albert Gonzalez, alihukumiwa kifungo cha miaka 20 mwaka 2010. Lililonigusa katika kisa hicho ni kwamba kufuli bora, WPA, lilikuwa limekwisha kutolewa mwaka 2003. Halikukosekana, halikuwekwa. Hata lile lililofuata, WPA2, lilipatikana na kasoro mwaka 2017 na Mathy Vanhoef wa Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, na tiba ikawa ni kuzisahihisha programu za vifaa. Swali langu kwa shule ni moja: kifaa kilichofungwa ukutani kwenu kimesahihishwa lini?

Niliwahi kuingia katika chumba cha walimu cha shule moja, ambayo sitaitaja, nikaikuta nywila ya mtandao imeandikwa kwa chaki juu ya ubao wa ratiba. Ilikuwa jina la shule na mwaka iliyoanzishwa. Kwa mtandao huo huo walimu walikuwa wakiandikisha watahiniwa wa Baraza la Mitihani, wakijaza takwimu za wanafunzi pamoja na nambari za vyeti vyao vya kuzaliwa, na wengine wakifungua hati zao za mishahara. Siwalaumu walimu wale. Aliyeufunga mtandao aliwaachia nywila moja kwa watu wote, akapokea hundi yake, akaondoka.

Yupo atakayeniambia kwamba tovuti nyingi siku hizi huufumba ujumbe zenyewe, hata kama mtandao uko wazi. Ni kweli, na ni nafuu kubwa. Hata hivyo, aliyeingia ndani ya mtandao wa shule anaweza kuigusa ruta yenyewe, printa, na tarakilishi ya karani yenye orodha ya karo. Anaweza pia kuweka nje ya ua kifaa chenye jina lile lile la mtandao wa shule, simu za walimu zikakikimbilia zikidhani zimefika nyumbani, kisha zikaonyeshwa ukurasa bandia wa kudai nywila. Isitoshe, antena inayoiwezesha shule kuunasa mnara ulio umbali wa kilomita 20 haibagui. Ukimpa antena ya namna hiyo mtu aliye kwenye kilima cha pili, naye atawasikia ninyi bila kukanyaga lango lenu.

Sheria hailali. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inamhesabu mwalimu mkuu kuwa mwenye amana, si mwenye mali. Mwaka 2023 shule moja ilitozwa faini ya Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za watoto bila ya idhini ya wazazi. Ikiwa picha zimegharimu kiasi hicho, sijui orodha nzima ya wanafunzi, na anwani zao na magonjwa yao, itakuwa na bei gani siku itakapovuja.

Nimesikia wakipendekeza dawa mbili, nami sizikubali. Ya kwanza ni kuzuia: shule zisiunganishwe hadi usalama ukamilike. Usalama haukamiliki popote duniani, na anayesubiri ukamilike anawahukumu watoto wa Turkana na Tana River kubaki gizani ilhali wenzao wa Nairobi wanasonga mbele. Ya pili ni kuiachia kampuni kila kitu. Kampuni iko mjini. Mikaratusi inakua shuleni, umeme unakatika shuleni, na mwalimu aliyehamishwa anaondoka shuleni na nywila kichwani mwake. Tulikwisha kuona Serikali ikigawa vifaa bila ya kuandaa mtu: mpango ulioanza mwaka 2016 uliwasilisha zaidi ya vifaa milioni moja katika shule za msingi za umma zaidi ya 20,000, na kila mwalimu anayesoma ukurasa huu anajua vingapi katika shule yake vililala kabatini.

Wala elimu hii si ya kigeni kwetu. Mwalimu wa fizikia anafundisha mawimbi kila mwaka. Mkebe mtupu wa kahawa, kipande cha waya wa shaba cha milimita 31 hivi, na adapta ndogo ya Wi-Fi vinatosha kuwaonyesha wanafunzi jinsi antena inavyolielekeza wimbi upande mmoja. Na wakizunguka na mkebe huo uani watagundua wenyewe mahali ambapo mtandao wa shule yao unavuka ua na kuingia kwa jirani. Somo hilo lingewafaa kuliko kukariri majina ya sehemu za tarakilishi.

Ninachoitaka Wizara ya Elimu ikiandike katika mikataba ijayo si kikubwa. Kila mtumiaji awe na nywila yake, ili anayehamishwa afutwe bila kuwasumbua waliobaki. Mtandao wa wanafunzi utengwe na ule wa ofisi. Nywila iliyokuja na kifaa kutoka kiwandani ibadilishwe kabla fundi hajapokea hundi. Ramani ya chaneli na mwelekeo wa antena za shule jirani iwekwe mahali pamoja katika kila kaunti, ili Shule A isiwe kelele ya Shule B. Na katika kila shule awepo mwalimu mmoja aliyefunzwa, anayejua kupanda kwenye paa kuitazama antena, kuisahihisha programu ya ruta, na kuupeleka msumeno kwa mwenye mikaratusi kwa lugha ya upole. Mitambo ina bei na bajeti ina fungu lake. Kuhusu mwalimu huyo sijasikia neno, nami ningependa Wizara ituambie, kabla ya mlingoti wa kwanza kusimamishwa, kama kazi hiyo itaongezwa juu ya vipindi vyake vya sasa au atapunguziwa, na kama ni kupunguziwa, ni vipindi vingapi kwa wiki.